Viti Vitatu vya Kwenda Homa Bay

Kabla ya mume wangu kuingilia kati, jirani yetu aliendesha gari peke yake. Kila asubuhi ya kazi lilipita mbele ya lango letu, juu kidogo ya soko la Rangwe, gari dogo la buluu iliyofifia, yeye kwenye usukani na koti lake limetandazwa kwenye kiti cha nyuma lisikunjamane. Sisi wawili tulikuwa tumesimama kando ya barabara tukingoja matatu. Alitupungia mkono, nasi tukampungia. Alikuwa mtu mzuri, mzee wa kanisa letu, na nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba mkono ule ule ungeweza kufungua mlango.

Asubuhi moja ya mvua mume wangu aliingia katikati ya barabara akalisimamisha gari. Nilidhani amerukwa na akili. Akainama dirishani.

"Omera, ndugu yangu, hebu niambie. Hili koti lako limeandikwa kazi ofisi gani?"

"Koti?"

"Kila siku naliona likibebwa mpaka Homa Bay, limekaa kama bosi. Na hivi viti vingine vinaenda kumwona nani?"

Jirani alicheka mpaka gari likamzimikia. Mume wangu akasema, "Basi hata gari lenyewe limechoka kwenda peke yake," akafungua boneti, akashika waya fulani, likawaka. Siku hiyo tulifika mjini tukiwa wakavu. Koti lilisafiri magotini mwangu.

Ndivyo ulivyoanza mpango wetu. Mume wangu alikuwa fundi wa magari katika gereji moja mjini. Mimi nilishona, na bado ninashona, sare za shule katika duka la nguo karibu na soko la Homa Bay. Jirani alifanya kazi katika ofisi ya serikali. Mtu wa nne alikuja baadaye, muuguzi wa hospitali, mwanamke Mkuria kutoka upande wa Isebania, aliyekuwa amepanga nyumba karibu na soko la Rangwe. Mume wangu ndiye aliyemwona steji na kumwita. Alimwita "daktari" siku ya kwanza, na jina likabaki. Kwa sababu yake, ndani ya gari tulizungumza Kiswahili. Kijaluo chake kilikuwa cha kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, basi.

Hatukuandikiana chochote. Mafuta tuliweka kwa zamu, na mume wangu alilitengeneza gari Jumamosi baada ya kazi, mbele ya nyumba yetu, bila malipo. Jirani alipiga honi mara mbili langoni petu. Aliyechelewa alingojwa mpaka mashine ya kusaga pale chini iwashwe, kisha aliachwa bila kinyongo. Mume wangu alikaa mbele. Mimi na daktari tulikaa nyuma, mimi upande wa kushoto kwa sababu dirisha la kulia lilikuwa haliteremki na daktari hakujali joto. Tulikula njugu tukatupa maganda kwenye mfuko mmoja. Tulijua nani ana mtoto mgonjwa na nani amekosana na bosi. Daktari alinifundisha kupima presha kwa kunisimulia tu. Nilimshonea mwanawe sare ya kuingia darasa la kwanza.

Kwa sababu ya gari lile nilifika mjini mapema kuliko mafundi wenzangu. Mwenye duka, Mwislamu aliyetoka pwani miaka mingi nyuma, alinipa ufunguo. Nilikuwa ndiye wa kufungua duka, kufagia, kutoa nguo nje na kupokea wazazi wanaokuja kabla ya kazi zao. Sikusoma sana. Nilitoka shule baba alipofariki, tukiwa kwetu Karungu. Sijawahi kupewa ofisi wala cheo. Lakini ufunguo ule nilikuwa nao, umefungwa kwenye kona ya kitambaa, na nilipenda uzito wake.

Mume wangu alianza kuumwa kifua akiwa kazini. Jirani na daktari walimtoa gereji wakampeleka hospitali kwa gari lile lile, amelazwa kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya mapaja ya daktari. Hilo sitalisahau wala sitalificha. Walifanya kila kitu ambacho ndugu angefanya. Hakutoka hospitali.

Siku ya mazishi jirani alisimama kando ya kaburi na kofia mkononi. Alisimulia habari ya koti, na watu walicheka huku wakilia. Kisha akanitazama mimi.

"Nyar Karungu," akasema, maana kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa binti wa alikotoka, "kiti chake hakuna atakayekikalia kwa dharau. Na kiti chako ni chako. Siku utakayokuwa tayari, honi italia langoni."

Watu walisema amina. Mimi pia nilisema.

Lazima nieleze jambo hapa, kwa ajili ya msomaji asiye wa kwetu. Mjane kwetu, kwa mila, ana kitu kinamfuata. Mume akishazikwa, yeye haingii boma la mtu mwingine mpaka afanyiwe ter, yaani mwanamume, shemeji au mtu aliyetafutwa, aingie nyumbani mwake na kumwondolea mkosi. Akiingia kwa watu kabla ya hapo, wanasema chira inaweza kuwaangukia, ugonjwa wa kukonda, au mtoto asikue. Sisi watu wa kanisa tunasema tumeyaacha hayo. Kina mama wa kanisa walikuja kwangu wakaimba, wakaniombea, wakanyoa nywele zangu na kusema yameisha. Mashemeji waliniuliza mara moja kuhusu ter. Nikakataa. Mama mkwe akasema, "Mwacheni, mimi mwenyewe nimechoka kuzika." Hawakunisumbua tena.

Kwa hiyo nilikaa ndani siku za kukaa ndani, kisha nikamtumia jirani ujumbe kwamba Jumatatu nitakwenda kazini. Alijibu, "Karibu sana, dada."

Jumatatu nilisimama langoni. Nilikuwa nimevaa gauni jeusi na kilemba. Mashine ya kusaga iliwashwa, honi haikulia. Nilipopiga simu jirani akasema, "Pole sana, dada. Gari imeharibika. Iko gereji."

Nikamwambia pole. Nilitembea mpaka steji nikiwa namhurumia. Leo nikikumbuka najua ningepaswa kuelewa palepale. Gari lile halikuwahi kuona gereji. Gereji yake ilikuwa mbele ya nyumba yangu, na fundi wake nilikuwa nimetoka kumzika.

Wiki ile yote gari lilikuwa "gereji". Wiki iliyofuata jirani alikuwa na mikutano, alitoka mapema sana, hakutaka kunisumbua. Daktari hakushika simu, kisha aliandika kwamba amewekwa zamu ya usiku. Mimi nilipanda matatu. Sina ubaya na matatu, lakini ile ya kwanza huondoka Rangwe ikishajaa, na kujaa kwake hakuna saa. Nilifika mjini nikakuta wazazi wamekaa barazani mwa duka na watoto wao, mmoja akisema kwa sauti, "Hawa wanafungua wakitaka."

Mwenye duka hakunifokea. Aliniita nyuma ya kaunta.

"Mama, kwetu mjane hukaa eda. Ikiisha imeisha, anatoka, anafanya kazi yake. Nataka kujua tu. Kwenu inaisha lini?"

"Imeisha, mzee."

"Sasa mbona unachelewa kama bado?"

Nikamweleza habari ya gari kuwa gereji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema basi mpaka gari litengenezwe, ufunguo akae nao fundi mwingine anayeishi mjini. Nilifungua kona ya kitambaa nikautoa. "Ni kwa muda tu, Mama," akasema. Niliamini ni kwa muda, kwa sababu niliamini gari litatengenezwa.

Siku ya soko kubwa nilipata ruhusa ya asubuhi kwenda kufuata ukili wa kushonea mkeka wangu kwa mama mmoja anayekaa kule chini, njia ya dipu la kuogeshea ng'ombe. Ni barabara ya vumbi inayozunguka nyuma ya nyumba zetu na kuungana na lami mbele ya safari. Hakuna anayeipita kwa gari kama hana sababu. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi, nikiwapisha ng'ombe, nilipoliona gari la buluu linakuja polepole kwa sababu ya mashimo.

Halikuwa na ubovu wowote. Jirani alikuwa kwenye usukani. Daktari alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti cha mume wangu. Nyuma hapakuwa na mtu. Kulikuwa na koti.

Walipita karibu nami kiasi kwamba ningeweza kugonga bodi. Jirani alitazama mbele kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Daktari aliinama haraka, akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba. Alitafuta mpaka gari likapotea. Mchunga ng'ombe akaniuliza kama nimeumwa na siafu, kwa vile nilivyokuwa nimesimama.

Jioni nilikwenda kwa jirani. Langoni miguu yangu ilisimama yenyewe. Mimi, niliyekuwa nimeombewa na kuambiwa yameisha, nilisimama nje ya ua kama mila inavyotaka, na hilo pia liliniuma. Jirani alikuwa anaosha gari. Mama yake mzee alikuwa kwenye mkeka barazani akibambua njugu. Mke wake ndiye aliyenijia, akifuta mikono kwa leso. Tulisema Kijaluo, ninaandika ninavyokumbuka.

"Hapo hapo panatosha, nyar Karungu."

"Sijaja kuingia. Nimekuja kuuliza gari limepona lini."

Akamtazama mumewe. Mumewe akaendelea kuosha gurudumu moja ambalo lilikuwa limeshakuwa safi.

"Nitakuambia mimi, maana wanaume hawana mdomo," akasema. "Gari halikuumwa. Mimi ndiye nilikataa. Nina watoto wadogo."

"Sikuomba kuingia nyumbani kwako. Nilipanda gari barabarani, na barabara ni ya watu wote."

"Barabara ni ya watu wote, ndiyo. Lakini gari lina mlango, lina paa, na usiku linalala kwangu. Hiyo si nyumba?"

Mama mzee akainua kichwa. "Na baiskeli je?"

"Baiskeli haina mlango, mama."

"Na mkokoteni?"

"Mama, bambua njugu."

"Nabambua. Nauliza tu. Zamani hatukuwa na magari, sasa sijui hii sheria ya milango mmeitoa wapi."

Katika hali nyingine ningecheka. Hata jirani nilimwona mabega yanatikisika. Nilimgeukia nikamwita shemeji, kama nilivyomwita siku zote. Nikamwuliza, "Wewe unaamini?"

Akasimama na kitambaa kinachodondoka maji. "Siamini, dada. Mungu anajua siamini. Lakini mtu anatafuta amani ya nyumba."

"Kando ya kaburi ulisema honi italia."

"Nilisema."

"Basi ungenijia ukaniambia, 'Honi haitalia, mke wangu anaogopa.' Ningeelewa. Ningeondoka mapema. Ningekuwa na ufunguo wangu."

Hakujua ufunguo upi. Hakuuliza.

Mke wake akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, "Kamilisha mambo ya ter, nyar Karungu. Hata mtu wa usiku mmoja tu, wako wanaofanya hiyo kazi. Kesho yake kiti chako kipo. Mimi mwenyewe nitakifuta vumbi."

Nilimwambia hapana. Sikupandisha sauti. Nilikuwa tayari kugeuka aliposema, "Na usinichukie mimi peke yangu. Huyo daktari wako ndiye aliyesema wapite njia ya dipu. Mume wangu alitaka kupita langoni kwako na kupiga gia tu. Daktari akasema hawezi kukutazama ukiwa umesimama pale."

Kwetu Karungu nimekulia ziwani. Wenye mashua wana miiko yao, mingi kuliko ya watu wa magari. Baba alipofariki, kaka yangu alikwenda ufukweni, na mwenye mashua alimwambia mbele ya watu wote, "Usiguse mashua yangu mpaka mambo ya kwenu yaishe. Nenda, samaki wako nitakuletea." Kaka alilia. Lakini mtu yule alimwambia usoni, na samaki alileta. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza habari ya mtu yule, ambaye nilimchukia utoto wangu wote.

Daktari alikuja Jumapili mchana, na sukari na sabuni ndani ya mfuko. Aliingia bila woga, akakaa kwenye kiti alichozoea. Alinywa hata maji yangu. Nilimtazama akinywa.

"Kwenu Ukuria mna hii?" nikamwuliza.

"Hatuna hii. Tuna mambo yetu, lakini hii hatuna."

"Kwa hivyo hukuogopa kukaa na mimi."

"Mimi? Mama, mimi nashika maiti kila wiki. Niogope nini?"

"Uliogopa nini basi?"

Alizungusha kikombe. "Mke wake alisema hiyo gari itabeba mtu wa nyumba yake tu kama wewe utaingia. Yaani tutoke wote. Mimi nina zamu, nina mtoto wa kufikisha shule. Nikajisemea, mmoja akikosa ni afadhali kuliko wawili."

"Na zamu ya usiku?"

"Hakukuwa na zamu ya usiku."

"Na njia ya dipu?"

Hapo alianza kulia. Akasema ningekuwa yeye ningefanya vile vile. Nilifikiri kwa muda, maana ni swali la haki. Nikamwambia sijui kama ningemwacha. Labda ningemwacha. Lakini nisingekalia kiti cha mume wake nikiwa nimemwacha.

"Kiti cha nyuma dirisha lake haliteremki," akasema.

Hilo ndilo jibu alilonipa. Nafikiri hakujua alichosema. Alipoondoka nilimrudishia sukari. Sabuni nilisahau, ikabaki, nikaifulia.

Tangu hapo napanda matatu kila siku. Watu wa kanisa, walioyasikia baadaye, wameniambia nisamehe, wengine wakaniambia kwa upole kwamba ingekuwa rahisi kumtafuta yule mtu wa usiku mmoja, kwa siri, mchungaji asijue. Wale wale walioimba. Gari la umma halina mke wala boma. Usiku linalala kituo cha mafuta. Nauli ikishalipwa hakuna anayeniuliza mume wangu yuko wapi. Nimejifunza kutoka nyumbani kabla ya mashine ya kusaga, kabla ya majogoo kumaliza, na siku nyingi nafika mjini mapema kama zamani. Nakaa barazani mwa duka nikimngoja fundi mwenzangu aje na ufunguo. Mwenye duka anasema atanirudishia. Anasema kwa ukarimu, na wakati mwingine nadhani amesahau ulikuwa wangu.

Jirani alihamishiwa ofisi ya Migori mvua zilipoanza. Gari la buluu liliondoka naye. Sikwenda kuwaaga, na hakuna aliyetegemea niende.

Asubuhi chache baadaye nilikuwa ndani ya matatu, nimekaa nyuma ya dereva, mkoba wangu kwenye kiti cha pembeni kwa sababu hakuna aliyekuwa amekikalia. Tulikuwa bado steji, pale soko la Rangwe, tukingoja gari lijae. Daktari aliingia. Alikuwa amelowa, amevaa viatu vyeupe vya kazi, na alikuwa ameshapanda kabla hajaniona. Kiti kingine hakikuwepo.

Kondakta akasema, "Daktari, keti basi, twende."

Hakuketi. Alisimama amepinda shingo chini ya paa, ameshika chuma, akinitazama mimi na mkoba.

Mume wangu hakuweza kuvumilia kiti kitupu kwenda Homa Bay. Hilo ndilo lililokuja kichwani, wala sitasema lilikuwa jambo jingine lililo bora zaidi. Niliuondoa mkoba nikauweka magotini. Aliketi. Maji ya koti lake yalinilowesha mkono.

Tulipopita pale langoni petu aliinamisha kichwa. Tulipokaribia mjini, ziwa lilipoanza kuonekana, akasema polepole, kwa Kiswahili chetu cha gari lile, "Mama, umenisamehe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa safari nzuri zaidi kwa sisi wote wawili.

"Bado," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Alishuka hospitali, na mimi nikaendelea mpaka sokoni, nikaketi barazani kungoja ufunguo.